Herufi Tano

Wasomaji wa humu tumezoea kubishana kuhusu riwaya, ushairi na tafsiri. Leo naomba niwapeleke kwenye aina ya uandishi isiyo na tuzo wala mhakiki: fomu ya kuagiza kingamwili. Nina miaka tisa maabara. Nimeandika ripoti, maombi ya fedha, mihtasari ya vikao, na mashairi mawili matatu yaliyomo kwenye simu yangu na yatakayobaki humohumo. Lakini sijawahi kuandika kitu kilichohitaji uangalifu kama kurasa nne za fomu ile. Riwaya ikiwa na neno legelege, msomaji mwema atakusamehe. Panya wa maabara hasamehi. Yeye atajibu kile ulichomuonyesha, basi.

Nianze na chenyewe. Kingamwili ni protini inayotengenezwa na mwili ili kunasa kitu kigeni. Umbo lake ni kama herufi Y, na inashikia kwenye ncha za ile mikono miwili. Tena haishiki kitu kizima. Inashika sehemu ndogo tu ya kitu hicho. Ukiugua, mwili wako unatengeneza kingamwili za aina nyingi kwa pamoja, kila seli na yake, kama mtaa mzima unavyomtambua mwizi mmoja: huyu kwa mwendo, yule kwa kovu, mwingine kwa sauti. Kwa kinga hilo ni jambo jema. Kwa kipimo ni vurugu, maana huwezi kuuita mtaa mzima kila siku ukapata maelezo yaleyale. Maabara inataka shahidi mmoja, asiyezeeka, atakayesema leo alichosema jana na atakachosema baada ya miaka ishirini. Huyo ndiye kingamwili ya monokloni, yaani zao la seli moja na vizazi vyake.

Hata kama hujawahi kukanyaga maabara, umeshakutana naye. Yumo kwenye kijiti cha kupimia mimba. Yumo kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria: tone la damu, matone ya dawa, unasubiri, unaangalia mistari. Ule mstari mwekundu, kwenye vipimo vingi, ni dhahabu. Ndiyo, dhahabu ileile ya Geita. Ikiwa katika chembe ndogo kupita kiasi huonekana nyekundu, na kingamwili ndiyo inayozibeba chembe hizo hadi pale mstari unapojichora.

Sasa tatizo. Vipimo vingi vya haraka vya malaria Afrika vinatafuta protini moja ya kimelea cha falsiparum iitwayo HRP2. Mwaka 2010 watafiti waliripoti vimelea kutoka Amazoni ya Peru ambavyo havina jeni ya protini hiyo. Mgonjwa ana homa, damu ina vimelea, kipimo kinasema hana malaria. Baadaye vimelea vya namna hiyo vilikutwa Eritrea kwa wingi hadi nchi ikalazimika kubadilisha vipimo, na Ethiopia na Djibouti nazo zikavikuta. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ibadilishe kipimo pale zaidi ya 5% ya wagonjwa wa falsiparum wanapokosewa kwa sababu hiyo. Kwetu Tanzania tafiti zimeonyesha kwamba bado ni nadra. Lakini vimelea husafiri ndani ya watu, na watu hawakai mahali pamoja.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi kwenye zahanati kijijini. Nilipomweleza haya alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mdogo wangu, mimi sina hadubini. Nina hicho kijiti. Kikisema hana, namwambia mama mtu ampe mtoto panado amrudishe homa ikizidi." Hakusema zaidi. Hakuhitaji kusema zaidi.

Maabara yetu ilikuwa inajaribu njia nyingine: kutafuta kimeng'enya cha kimelea kiitwacho pLDH, ambacho kimelea kinakitegemea ili kupata nguvu kutoka kwenye sukari ya damu yetu. Faida yake ni kwamba vimelea vikifa, nacho hutoweka upesi, wakati HRP2 inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kingamwili za kukitambua zipo sokoni, na baadhi tulikuwa tumezinunua. Lakini ukinunua kichupa dukani huuziwi maelezo yake yote. Mara nyingi huambiwi mfuatano wake, hujui seli yake iko wapi, na siku muuzaji akiamua kuacha kuitengeneza, kazi yako ya miaka inabaki yatima. Mwaka 2015 watafiti zaidi ya 100 walitia saini wito katika jarida la Nature wakitaka kingamwili za utafiti zitambulishwe kwa mfuatano wake, kwa sababu nyingi zilizoko sokoni hazitambui kile lebo inachodai. Kwa hiyo tukaamua kuagiza ya kwetu.

Ugumu ni kwamba nasi binadamu tuna kimeng'enya cha aina hiyo. Cha kimelea na cha kwetu ni kama binamu: sura zinashabihiana. Kingamwili isiyojua kutofautisha binamu itamwambia kila mtu mwenye damu kwamba ana malaria. Hapo ndipo zilipoingia herufi tano.

Protini ni maandishi. Zimeandikwa kwa asidi amino za aina 20, na wanasayansi wamezipa kila moja herufi yake, hivyo protini nzima unaweza kuichapa kwenye karatasi kama sentensi ndefu isiyo na nafasi. pLDH ya falsiparum ina herufi zaidi ya 300. Ukiiweka sambamba na ya binadamu, mstari juu ya mstari, kuna mahali ya kimelea ina herufi tano zilizochomekwa ambazo ya kwetu haina kabisa: D, K, E, W, N. Hatukuzigundua sisi, zimo kwenye machapisho kwa miaka mingi. Lakini mara ya kwanza nilipozipanga mwenyewe kwenye skrini nilijikuta nazitamka, kana kwamba ni neno. Dikewani. Neno lisilo na maana katika lugha yoyote niijuayo, ila kwenye tone la damu linaweza kumaanisha: mtoto huyu apewe dawa leo.

Fomu ilianza kwa swali fupi: unataka kingamwili dhidi ya nini? Bosi wetu, ambaye sote tunamwita Daktari, alipendekeza tuandike "dhidi ya pLDH" tusonge mbele. Nikamwomba tukae nalo kidogo. Nilikumbuka kanga. Kila kanga ina jina lake, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Ukiitandaza kitandani unalisoma bila shida. Mwanamke akiivaa, ikajikunja na kufungwa kiunoni, jina linaweza kujificha ndani ya pindo, au likaonekana nusu. Protini nayo hujikunja. Ukikata kipande kifupi cha yale maandishi, ambacho wenyewe wanakiita peptidi, ukamwonyesha panya, unamwonyesha kanga iliyotandazwa. Atakupa kingamwili inayosoma jina hilo vizuri sana kitandani. Lakini damu ya mgonjwa haina kanga za kutandazwa, zote zimevaliwa.

Kwa hiyo jibu letu la swali lile fupi likawa refu. Tuliandika kwamba kingamwili itambue pLDH ya falsiparum ikiwa katika umbo lake la asili, ndani ya damu nzima iliyopasuliwa seli zake. Isitambue LDH ya binadamu. Isitambue konokono.

Konokono nimwelezee, maana mama wa ofisi ya manunuzi alipofika hapo alivua miwani. Peptidi ni ndogo mno. Kinga ya panya inaweza kuipita kama mtu anavyopita kipande cha uzi barabarani. Ili ionekane, huunganishwa na protini kubwa iliyo ngeni kabisa. Inayotumika sana hutoka kwenye damu ya konokono wa bahari wa pwani ya California, damu ambayo rangi yake ni ya buluu kwa sababu hewa ndani yake hubebwa na shaba, si chuma kama yetu. Panya akiona mzigo huo anashtuka na kuushughulikia wote: peptidi na konokono pamoja. Baada ya hapo lazima utenganishe kingamwili zilizomjua konokono na zile zilizomjua uliyemkusudia. Mama wa manunuzi akacheka: "Kumbe ni kama kumpeleka mtoto shule na dereva wa basi, halafu mwalimu akamkariri dereva." Sijapata mfano mzuri kuliko huo.

Swali jingine la fomu lilihusu panya wenyewe. Zamani kingamwili nyingi zilivunwa kutoka kwenye maji yaliyojaa tumboni mwa panya aliyepandikizwa seli. Ni njia yenye mateso, na siku hizi seli zinaweza kukuzwa kwenye chupa. Tukaweka alama kwenye chupa. Panya bado hufa. Siwezi kulisema hilo kwa maneno laini. Huchanjwa kwa wiki kadhaa, damu yake hupimwa kidogo kidogo, na yule mwenye jibu zuri huuawa ili bandama yake ichukuliwe, maana ndimo zilimo seli zinazotengeneza kingamwili. Ndiyo sababu nyingine ya kuandika fomu vizuri: usimuue mnyama kwa swali ambalo hukulifikiria.

Kinachofuata ni kazi ambayo Georges Köhler, Mjerumani, na César Milstein, Muargentina, waliifanya Cambridge na kuitangaza mwaka 1975. Seli ya bandama inajua kutengeneza kingamwili lakini ikitolewa mwilini hufa baada ya siku chache. Seli ya saratani ya uboho haifi, lakini haina la kusema. Wao wakaziunganisha. Mtoto anayezaliwa, haibridoma, anarithi maarifa ya mmoja na uhai usiokwisha wa mwingine. Kisha unaziweka zote kwenye chakula chenye sumu ambayo seli za saratani peke yake haziwezi kuikwepa. Za saratani zinakufa kwa sumu, za bandama zinakufa kwa umri, zinabaki zile zilizooana. Kila nikiifikiria naona ni hadithi ambayo bibi angeweza kuisimulia, kiwete akimbeba kipofu. Mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Na jambo ambalo nataka mlishike: mbinu ile haikuwekewa hataza. Milstein aliwapelekea seli wenzake walioziomba, na viwanda vikubwa vya leo vilijengwa juu ya mlango ule ulioachwa wazi.

Mlishike kwa sababu ya kilichotupata kwenye bei.

Utaratibu unadai kotesheni tatu, tukazipata. Ya chini kabisa ilikuwa karibu nusu ya nyingine. Daktari alifurahi, nami nilifurahi, hadi mama wa manunuzi alipokuja na karatasi mkononi, kidole kikiwa juu ya mstari mmoja ukurasa wa mwisho.

"Hebu nisomee hapa, mwanangu. Hii seli tunayoigharamia, ikishazaliwa ni ya nani?"

Ilikuwa ya kampuni. Sisi tungepewa miligramu kadhaa za kingamwili, tukizimaliza tununue nyingine kwao kwa bei watakayopanga. Mfuatano wake usingetolewa. Na kampuni ingekuwa na ruhusa ya kuiuzia dunia nzima. Yaani unalipia ng'ombe, unapewa maziwa, ng'ombe anabaki zizini kwao. Tulipoandika kuuliza, walijibu kwa heshima kwamba hiyo ndiyo kawaida ya soko.

Daktari hakuwa mtu wa tamaa. Alikuwa mtu wa bajeti. "Binti yangu," akaniambia, "mradi una miaka miwili. Maziwa ya miaka miwili yanatutosha. Tukichukua ya bei kubwa tutaagiza moja tu badala ya mbili."

Hapo alikuwa na hoja. Tulikuwa tumepanga kingamwili mbili, kwa malengo mawili tofauti, na kuchagua kumiliki seli kulimaanisha kuliacha lengo la pili. Na nyuma ya lengo lile alikuwepo kijana wa shahada ya uzamili aliyekuwa akilisubiri.

Nikamwambia: "Samahani Daktari, mradi utaisha, lakini kipimo hakiwezi kuisha pamoja nao. Tukifanikiwa, siku ya kufanikiwa ndiyo siku tutakayokuwa tunaomba ruhusa."

Mama wa manunuzi akamalizia, kama mtu anayesoma kanuni ya serikali: "Mali bila daftari huisha bila habari."

Tulibishana wiki nzima. Mwishowe mama yule, ambaye hajawahi kushika pipeti maishani mwake, aliandika barua moja kwa kampuni zote tatu, yenye masharti manne: tupewe vichupa vya seli zenyewe, tupewe mfuatano, seli iwe mali yetu, na tuwe huru kuigawa kwa watafiti wengine. Kampuni moja ilikubali. Bei ikapanda. Lengo la pili likafutwa, na yule kijana akabadilisha mada ya tasnifu yake. Siwezi kusema alifurahi. Alinisalimia kwa adabu kwa miezi kadhaa, adabu ile ambayo mtu unaiona kuwa ni ukuta.

Tuliweka na sharti jingine dogo: kabla kampuni haijachagua washindi, itutumie sampuli za majimaji ya seli zote zilizoonekana kufaa, tuzijaribu wenyewe kwenye damu. Wao huzijaribu kwenye peptidi, yaani kanga ya kitandani. Dhamana yao iliishia hapo, kama zilivyo dhamana nyingi za biashara hii.

Baada ya miezi minne zikaja sampuli 24. Kwa mujibu wa jedwali lao, zote zilikuwa nzuri, namba zimekolea. Tukaziweka kwenye sahani yenye visima 96: damu yenye vimelea tulivyokuza, damu ya watu wazima wa afya njema, protini ya konokono, na maji matupu. Rangi ilipoanza kutokea, 24 ziligeuka kuwa tano. Kumi na tisa zilijua kusoma kanga iliyotandazwa tu. Kati ya tano zile, moja iliwaka pia kwenye damu isiyo na malaria, na sote tuliiangalia kwa muda tukifikiria zahanati. Zikabaki nne. Laiti tungeandika "dhidi ya pLDH" na kuisubiri kampuni ichague, tungepelekewa zile zenye namba kubwa kwenye jedwali, na zile nne zetu hazikuwa miongoni mwa kumi za juu.

Nne zikachujwa tena, seli moja moja kwenye kisima chake, ili kuhakikisha kila ukoo umetoka kwa mzazi mmoja. Mwishowe tukachukua mbili. Tunayoitumia zaidi inaitwa 4C7. Nilidhani majina haya yana siri fulani. Kumbe ni anwani tu: sahani ya nne, mstari wa C, kisima cha saba. Kama mtoto aliyeitwa kwa jina la mahali alipozaliwa.

Seli zilifika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ndani ya barafu kavu, na barafu kavu haingoji mtu amalize chai. Vibali tulikuwa navyo mkononi wiki mbili kabla. Mzigo uligombolewa siku ileile, na jioni vichupa vikazama kwenye nitrojeni ya maji, moshi mweupe ukitambaa sakafuni. Yule kijana wa uzamili ndiye aliyeshika tochi. Umeme ulikuwa umekatika.

4C7 haijawa kipimo bado. Kipimo kinahitaji mengi: mwenza wa kushika upande wa pili, dhahabu, utepe, majaribio kwa wagonjwa wengi, idhini. Inaweza isifike. Kingamwili nyingi nzuri haziendi mbali zaidi ya friza. Marekani kuna benki ya haibridoma katika Chuo Kikuu cha Iowa, iliyoanzishwa mwaka 1986, inayotunza seli za watafiti na kuzigawa kwa bei ya kugharamia kazi tu, ili zisife pamoja na miradi yake. Tunazungumza na Daktari kuhusu kuwa na kitu cha namna hiyo huku kwetu. Yeye sasa ndiye anayelisemea vikaoni kuliko mimi.

Mwezi uliopita mtafiti mmoja wa Ethiopia, ambako vimelea visivyo na HRP2 si habari ya kusoma kwenye majarida, alituandikia barua pepe. Aliomba radhi mara tatu katika aya moja. Aliuliza kama kuna uwezekano wowote, kwa masharti yoyote, wa kupata kichupa cha 4C7. Daktari alinitumia ujumbe ule bila maelezo. Nilimpelekea mama wa manunuzi, kwa kuwa ni haki yake kuuona. Akafungua mkataba, akaweka kidole juu ya sharti la nne, akasema, "Mjibu."

Tulimjibu kwa mstari mmoja. Tulimwomba anwani, na jina la mtu atakayekuwepo kupokea barafu.